Kamba ya Breki

Basi wewe fikiria: mtu ana wifi yake, hawapikiki chungu kimoja, halafu anakwenda kujifunga naye kamba kiunoni kwa hiari yake. Hakulazimishwa. Tena mwenyewe ndiye aliyemleta. Ukimuuliza Fundi leo atakuambia ulikuwa ujinga mtupu, na kwa hilo angalau yeye na wifi yake wanakubaliana.

Huyu Fundi alikuwa mshonaji wa viti. Sofa, viti vya magari, vitanda vya zahanati, chochote chenye sponji na ngozi kilipita mikononi mwake. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye cherehani mbili nzito, harufu ya gundi, na ukutani picha ya mlima aliyoikata kwenye kalenda. Mlima wenyewe mweupe kutoka chini mpaka juu. Na ili uufikie, kwanza unavuka uwanja wa theluji kwa siku kumi na tano, unajivutia mwenyewe chakula, hema, mafuta ya jiko na kila kitu. Hakuna punda, hakuna gari, hakuna mpagazi. Mzigo wote unaingia kwenye sleji, yaani beseni refu la plastiki lisilo na magurudumu. Unajifunga mikanda kiunoni na mabegani, unakokota. Kwenda na kurudi ni siku arobaini. Fundi aliijaribu mara moja, miaka sita iliyopita, akarudi bila kufika kileleni; watu aliwaambia ni dhoruba, na tangu hapo alikuwa hataki kitu kingine duniani.

Theluji kwao haikuwepo, kwa hiyo mazoezi yalifanyika nje ya mji, kwenye machimbo ya kokoto yaliyokwisha kuachwa. Aliyewafundisha walimwita Kocha tu. Alikuwa mtu wa makamo, mkavu, aliyekwenda kule mara tatu na kurudi na vidole vyake vyote, na hakuwa na tabia ya kupaza sauti. Jambo likimuudhi alinyamaza, akaamua, na akishaamua ndiyo basi. Kule watu hutembea wamefungwa kamba moja, na yake ilikuwa ya watu watatu: yeye mbele, na wawili nyuma yake. Waliokuwa wakizitaka nafasi hizo mbili ni Fundi na Kinyozi, mpaka miezi minane iliyopita alipoongezeka wifi.

Wifi mtu alikuwa dereva wa lori, yale ya safari ndefu, na machimboni pale kila mtu alimwita Dereva. Alikuwa ameolewa na kaka yake Fundi, kaka wa pekee, kipenzi cha dada yake. Na tuseme ukweli: Fundi alimleta ili amkomeshe. Jumapili moja, mezani kwa kaka, Dereva alicheka akasema kukokota beseni siyo mazoezi, ni adhabu ya mtoto mtundu. Fundi akamjibu, "Njoo Jumamosi basi, tukuone." Alitaka amwone amelala chali, ulimi nje, akiomba maji. Kumbe anajipalia makaa.

Siku ya kwanza Dereva alivuta matairi matatu barabarani kilomita nane, akarudi akauliza kama hayo ndiyo yote. Mwezi wa tatu akawekwa kwenye sleji yenye kilo sitini za mchanga na madumu ya maji. Mwezi wa tano akampita Fundi kwenye kipande cha tambarare, huku anapiga mluzi. Mluzi! Fundi alirudi karakanani siku hiyo akashona mshono mmoja mara nne kwa hasira, na mteja akapata kiti ambacho hakitachanika milele.

Tangu hapo ikawa vita. Fundi alisema mbele za watu kwamba nguvu za Dereva ni za ng'ombe, kichwani hakuna kitu. Dereva akasema afadhali ng'ombe, kuliko kuku anayetamba bandani. Wakikutana getini mwa machimbo walisalimiana kwa sababu tu Kocha alikuwa anatazama. Goti la Kinyozi lilianza kuuma mwezi wa sita, na kwa vile alikuwa mtu wa mizaha alitangaza mwenyewe kwamba goti limejiuzulu, yeye sasa ni wa akiba. Maana yake Fundi na Dereva wote wawili wangekwenda, kama wangeweza kukaa kwenye kamba moja bila kuuana.

Sasa kuna jambo moja la sleji lazima ulijue. Kwenye tambarare unaivuta, lakini kwenye mteremko inakufukuza wewe. Kilo sitini zinakuja nyuma yako, na hazina adabu. Kwa hiyo Kocha aliwafundisha kushuka wawili kwa sleji moja: mmoja mbele amefungwa mikanda, mwingine juu nyuma ameshika kamba iliyofungwa mkiani mwa sleji, anaiachia taratibu, mkono kwa mkono. Hiyo ndiyo kamba ya breki. Wa mbele haoni kinachoendelea nyuma. Anashuka akimwamini aliye mgongoni mwake, basi.

Wiki tatu kabla ya siku ya kuamua nani aende, Dereva alikuwa mbele na Fundi ameshika breki. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Kinyozi alikuwa amekaa chini ya mteremko juu ya ndoo iliyopinduliwa, Kocha amesimama pembeni yake.

"Wifi, legeza kidogo, unanikaba," Dereva akapaza sauti bila kugeuka.

"Kazi ya breki ni kukaba."

"Breki unanifundisha mimi? Nimeteremsha tani thelathini kwenye kona wewe ukipaka gundi viti vya watu!"

"Basi teremka, acha domo."

Wangeishia hapo, mambo yangekuwa mengine. Lakini Dereva ulimi wake nao haukuwa na breki. "Tena wewe ndiye wa kunifundisha mlima?" akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka chini. "Si ulisema safari ile ya kwanza mlirudishwa na dhoruba? Kaka yako kaniambia. Hakukuwa na dhoruba wala nini! Jua linawaka, kilele kile pale, wewe ukakaa chini ukalia mpaka wakakurudisha!"

Kinyozi akacheka. Siyo kwa ubaya, alicheka kwa sababu yeye hucheka. Lakini Fundi alikisikia kile kicheko, akahisi uso wote umewaka. Hilo jambo alikuwa amemwambia mtu mmoja tu, usiku wa msiba wa mama yao, wamekaa wawili. Kaka akalichukua akalipeleka kitandani kwake. Fundi alimchukia kaka, akamchukia Kinyozi, lakini mbele yake kulikuwa na mgongo mmoja tu.

Akafungua viganja.

Ilikuwa kufumba na kufumbua. Sleji ilimpiga Dereva nyuma ya miguu, ikampanda, ikamburura mita kumi na tano juu ya kokoto, na ikasimama ilipokwama kwenye jiwe. Fundi alikuwa bado amesimama juu, mikono wazi. Halafu akaanza kukimbia kuteremka, akipiga kelele, "Kamba imeniponyoka! Imeniponyoka!" Na kelele zile zilikuwa za kweli, kwa maana hofu yenyewe ilikuwa ya kweli.

Nyama ya mguu ilikuwa imechanika, baadaye mguu ukashonwa nyuzi tisa. Kinyozi alikuwa anaufunga kwa taulo. Kocha alimtazama Fundi.

"Hapa ni nyuzi," akasema. "Kule ni maiti. Mtu akiniambia kamba imemponyoka, nitamfundisha tena. Mtu akiachia kwa makusudi, huyo kwangu amekwisha, hata awe nani. Imekuponyoka?"

"Imeniponyoka."

Dereva alikuwa amekaa chini, jasho linamtoka, midomo imepauka. "Wifi," akasema, "hebu nipe glavu zako."

Angekataaje? Akazivua akampa. Zilikuwa mpya, wiki ya kwanza. Na kila mtu aliyeshika kamba pale machimboni alijua kitu kimoja: kamba ikikuponyoka na kilo sitini nyuma yake, inaunguza. Inaacha mstari mweusi kiganjani mwa glavu, umeyeyuka kabisa. Kinyozi alikuwa nao, Kocha alikuwa nao. Glavu za Fundi zilikuwa safi. Dereva alipitisha kidole katikati ya kiganja, pole pole, akageuza ya pili, nayo akapitisha. Kisha akazikunja moja ndani ya nyingine, akamrudishia mwenyewe.

"Kamba ilikuwa na tope, Kocha," akasema. "Ni bahati mbaya tu."

Wewe ungefurahi? Fundi kwa dakika moja alifurahi. Alipofika nyumbani, akiwa anavua viatu, furaha yote ikamtoka. Adui akikutukana unajua aliposimama. Akikutetea, je?

Kama Dereva angemshitaki, Fundi alikuwa na majibu. Angesema wifi ana kijicho, wifi anataka nafasi, wifi hajawahi kunipenda tangu harusini. Lakini huyu hakushitaki. Siku zikapita, na Fundi akawa kila akisikia lori linapunguza mwendo barabarani, mkono unasimama juu ya cherehani.

Jumapili ya pili kaka akamwita aje kumwona mgonjwa. Akaenda, asingekwenda ingeonekana vipi? Dereva alikuwa amejitandaza kwenye sofa ambalo Fundi mwenyewe alilishona, zawadi ya harusi yao, mguu juu ya stuli.

"Dada yangu," kaka akasema, "nashukuru sana. Ameniambia ulivyombeba mpaka kwenye gari."

"Wifi ana mikono mizuri," Dereva akasema. "Ikishika, imeshika."

Kaka akacheka kwa furaha, masikini ya Mungu, akidhani dada yake na mkewe wamepatana. Fundi akamgeukia yeye. "Na wewe kaka, kifua huna."

"Nimefanya nini tena?"

"Jiulize."

Baadaye kaka alitoka kwenda dukani, wakabaki wawili na sahani za chakula. Fundi alivumilia kidogo kisha akashindwa. "Unataka nini?"

"Mimi?" Dereva akasema. "Nataka chumvi. Nisogezee."

Fundi akamsogezea chumvi.

Siku ya kuamua ilikuwa na desturi yake, na Kocha hakuwahi kuibadilisha. Analaza kamba juu ya mteremko, ina vitanzi vitatu. Kitanzi cha mbele ni chake. Halafu anamuuliza kila mmoja kama anakubali kufungwa na mwenzake, na akae wapi. Ukikataa hugombezwi, wala huulizwi mara mbili, ila sababu unaisema kwa mdomo wako mbele ya wote. Kocha alisema watu wakificha mambo chini, mlima unayafichua juu, na juu hakuna nafasi ya mazungumzo.

Fundi alikuja amejiandaa. Alikuwa na hakika Dereva ataitumia nafasi hiyo: atasema sitaki, atasema glavu, atasema yote. Wiki nzima Fundi alikuwa akifanya mazoezi ya kukana, peke yake karakanani, mpaka jirani akachungulia kuona anagombana na nani. Alikuwa na maneno makali tayari.

"Dereva," Kocha akasema. "Unakubali kufungwa na Fundi?"

Dereva alikuwa amesimama na kaptura, kovu linang'aa kwenye mguu. "Nakubali."

Kinyozi, kwenye ndoo yake, akafungua mdomo akausahau wazi.

"Ila yeye awe katikati," Dereva akaendelea. "Mimi niwe wa mwisho. Kila mteremko, breki yake nitashika mimi." Akamtazama wifi yake usoni kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu. "Siku zote arobaini."

"Fundi?" Kocha akauliza.

Maneno yote aliyoyaandaa yalikuwa ya kujibu shutuma, na shutuma haikuja. Angekataa? Angesema sababu gani? Kwamba namwogopa. Unamwogopea nini, mtu aliyekutetea? Miaka sita ya picha ukutani ilikuwa imefika mwisho wake hapo, kwenye kitanzi cha katikati, na kilichotakiwa ni neno moja.

"Nakubali," akasema.

"Basi mshuke tuwaone. Sleji ya Fundi kwanza."

Kocha na Kinyozi wakatangulia chini. Fundi akajifunga mikanda, ile aliyoishona kwa mkono wake mwenyewe, na akaanza kushuka. Nyuma yake kokoto zililia chini ya plastiki. Alingoja maneno, maneno hayakuja. Huyu mwanamke ambaye hakuwahi kunyamaza hata kanisani alikuwa kimya.

"Sema kitu," Fundi akasema.

"Nikwambie nini, wifi?"

Hatua tano, hatua kumi. Fundi alihesabu kichwani miteremko ambayo Kocha aliwahi kuwachorea, ile ya barafu, ile yenye nyufa pembeni, akafika ishirini na kitu akaacha. Kwenye kila mmoja angekuwa hivi hivi, mgongo wazi, haoni kitu. Na kila asubuhi angeamka kwenye hema karibu na mtu huyo, anywe naye chai, ajifunge mikanda, ampe mgongo.

Wakafika katikati, pale pale. Ghafla mikanda ikalegea, na pua ya sleji ikamgusa nyuma ya magoti. Ilimgusa tu. Kisha kamba ikakaza tena.

"Samahani," Dereva akasema kutoka juu. "Tope."

Mvua ilikuwa haijanyesha wiki mbili.

Fundi alisimama. Aliona aibu kwamba anaogopa mchana kweupe mbele ya Kinyozi. Kilichofuata hakukisema kwa uungwana, usije ukamsifu. Alikisema kwa woga. Alianza kufungua mikanda, na akapaza sauti kuelekea chini.

"Kocha! Siku ile kamba haikuniponyoka. Niliiachia."

Kocha akapiga teke kokoto moja, akapanda mpaka alipokuwa Fundi, akapokea mikanda kutoka mikononi mwake, na akamgeukia Kinyozi.

"Goti lako likoje?"

"Bovu," Kinyozi akasema.

"Njoo."

Kinyozi akaja akichechemea, Kocha akamkabidhi mikanda, akarudi chini. Siku hiyo hakucheka. Alipompita Fundi alinong'ona, "Mkuki kwa nguruwe, dada," na hakumalizia, kwa sababu hakuna asiyejua unavyomalizika.

Dereva alikuwa amefika, bado ameishika kamba kwa mikono miwili, miguu ameitanua, sleji imetulia tuli mbele yake. Fundi akamwambia kwa sauti ya chini, "Ungeniachia."

"Mimi?"

"Ungeniachia, kule. Ndiyo maana ulinitetea."

Dereva akamtazama, na kilichokuja usoni mwake hakikuwa ushindi. Zilikuwa hasira tupu. "Miaka kumi na minne nimekaa barabarani," akasema. "Sijawahi kumwangushia mtu mzigo, hata ninayemchukia. Nilikutetea kwa sababu wewe una nguvu kuliko Kinyozi, na mimi nataka kufika juu. Nilikuwa nimekushika, mpumbavu wewe. Ningekushika siku zote arobaini."

"Na kunigusa magotini?"

"Hilo nilitaka tu uogope kidogo. Nyuzi tisa, wifi. Hata kidogo hicho hukuweza kukivumilia?" Akageuza uso, akamtazama Kinyozi aliyekuwa anahangaika na mikanda, na goti lililovimba chini ya suruali. "Sasa ona. Miezi minane, halafu umenipa huyu. Kwa goti hili hatufiki hata siku ya tatu."

Chini, Kocha aliinua mkono kuashiria waendelee.

"Wifi," Dereva akasema, "toka njiani, nina mzigo."

Fundi akasogea pembeni, akasimama kwenye majani makavu. Kinyozi akapita akikunja uso kila hatua, sleji ikapita nyuma yake taratibu, kisha akapita Dereva, kamba imekaza mikononi mwake, na hakugeuka.